Maisha ya Dakta Robert Koch, Aliyefika Usambara

Wazee wetu wa milima ya Usambara walikuwa na neno moja kwa mambo mawili. Neno hilo ni mbu. Mdudu arukaye usiku walimwita mbu, na homa impatayo mtu ashukapo nyikani waliiita mbu vilevile. Wao walikaa juu penye baridi na ukungu, wala homa ile haikuwasumbua huko. Lakini mtu aliposhuka nyikani, au alipofuata njia ya pwani, mara nyingi alirudi akitetemeka, na wengine hawakurudi. Wazee walisema ya kwamba wadudu wa nyikani ndio waliomtia ugonjwa.

Mwaka wa 1898 mganga mmoja mkuu wa Wajerumani alipata habari za neno hili, akaziandika katika taarifa zake. Jina lake Robert Koch. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wakishindana kama mbu ndiye aletaye malaria au siye. Twataka kusimulia maisha ya mtu huyu, mema yake na makosa yake pia. Tena twataka kueleza jambo moja ambalo yeye hakuwahi kuliona, ingawa maisha yake yote alilikaribia: jinsi umbo la vitu vidogo mno mwilini linavyoongoza kazi za uhai, hata kuamua nani augue na nani apone.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, juu ya milima ya Harz katika Ujerumani. Basi naye alikuwa mtu wa milimani. Baba yake alikuwa mkubwa katika kazi ya machimbo ya madini, na nyumba ilijaa watoto. Yasemwa kwamba kabla hajaanza shule alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti. Mwaka wa 1862 aliingia chuo kikuu cha Göttingen, akasoma uganga. Mmoja wa walimu wake huko, Jacob Henle, alikuwa amefundisha tangu zamani ya kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Wengi hawakumsadiki, kwa kuwa hakuwa na ushahidi.

Koch alimaliza masomo mwaka wa 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, nao wakapata mtoto mmoja, binti aitwaye Gertrud. Kwa miaka kadhaa alihamahama akitafuta riziki, tena alitumika kama mganga wa jeshi katika vita vya Wajerumani na Wafaransa. Hata mwaka wa 1872 aliwekwa kuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hapo hapakuwa na chuo, wala maktaba, wala mwenzi wa kushauriana naye. Alikuwa na wagonjwa wengi, na hadubini moja, na chumba alichokigawa kwa pazia: upande mmoja aliwatibu watu, upande wa pili alifanya uchunguzi wake.

Katika wilaya ile kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch alitwaa damu ya mnyama aliyekufa, akaiweka chini ya hadubini, akaona vijiti vidogo. Wengine waliviona kabla yake, lakini hawakujua kama ndivyo viletavyo ugonjwa. Yeye aliwaambukiza panya kwa kijiti cha mti kilichochovywa katika damu ile, nao wakafa, na damu yao ikajaa vijiti vilevile. Kisha alivikuza vijiti katika maji yatokayo ndani ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, mpaka tone halikuwa tena na damu ya mnyama wa kwanza. Hata hivyo panya aliyetiwa tone hilo alikufa kwa kimeta. Aliona pia ya kuwa vijiti vile, vikikosa mahali pema, hugeuka kuwa mbegu ngumu ziwezazo kukaa katika udongo muda mrefu. Basi hapo ilijulikana kwa nini malisho fulani yaliua mifugo mwaka hata mwaka. Mwaka wa 1876 alikwenda Breslau, akamwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi yake yote, nayo ikakubaliwa. Hivyo mganga wa mji mdogo alijulikana katika nchi nzima.

Mwaka wa 1880 aliitwa Berlin, akapewa chumba kizuri cha kazi na wasaidizi. Huko aliutafuta ufundi wa kutenga aina moja ya bakteria na nyingine. Alianza kwa vipande vya viazi vilivyochemshwa, akaendelea kwa rojo la kugandisha. Lakini rojo la kwanza liliyeyuka kwa joto. Ndipo mke wa msaidizi wake mmoja, Bibi Fanny Hesse, alipotoa shauri lililotoka jikoni: watumie agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini, alichokitumia mwenyewe kugandisha vyakula. Hata leo maabara zote za dunia zatumia agari.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wataalamu wa Berlin, akaeleza ya kwamba amekipata kiletacho kifua kikuu. Zamani zile ugonjwa huo uliua mtu mmoja katika kila watu saba, kwa hesabu yake mwenyewe. Wengi walidhani ni ugonjwa wa ukoo, wala si wa kuambukiza. Yeye alionyesha bakteria wenyewe, waliotiwa rangi ili waonekane. Mwaka wa 1883 na 1884 alisafiri Misri na Bara Hindi, akaeleza bakteria wa kipindupindu. Sifa zake zikaenea kila mahali.

Lakini sifa ni mzigo, wala si kila mtu awezaye kuuchukua. Mwaka wa 1890, katika mkutano mkubwa wa waganga huko Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata dawa iwezayo kuzuia kifua kikuu. Dawa hiyo ikaitwa tuberkulini, naye alificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa maelfu. Wengi walikufa wakiwa na matumaini, na wengine dawa yenyewe iliwazidishia ugonjwa. Mwaka uliofuata alilazimika kusema tuberkulini ni nini: ni maji yaliyotolewa katika bakteria wa kifua kikuu. Aliyewafundisha wengine wasitangaze neno pasipo ushahidi, yeye mwenyewe alitangaza kabla ya ushahidi.

Hata hivyo maji yale hayakutupwa. Ilionekana ya kuwa mtu aliyekwisha kuambukizwa kifua kikuu akidungwa kidogo katika ngozi, mahali pale huvimba; asiyeambukizwa havimbi. Kwa hiyo tuberkulini imekuwa njia ya kupima mpaka leo. Baadaye ilijulikana ya kuwa kinachofanya kazi ndani yake ni protini za bakteria. Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo tulilolitaja mwanzo.

Miili yetu yote imejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo vidogo vyenye uhai. Bakteria ni seli moja tu. Mtu ni seli nyingi zisizohesabika. Kazi nyingi za seli hufanywa na protini. Protini ni mfano wa ushanga mrefu ambao punje zake huitwa asidi amino, nazo ni za namna 20. Lakini ushanga huu haukai umenyooka: hujikunja na kujisokota kwa kadiri punje zake zilivyopangwa, mpaka upate umbo lake maalumu, na kwa umbo hilo hufanya kazi yake. Mwaka wa 1894 Emil Fischer, mwalimu wa kemia katika mji uleule wa Berlin, alitoa mfano wa kufuli na ufunguo: vimeng'enya vya mwili hushika tu kile kinacholingana na umbo lao. Seli zinazoulinda mwili nazo huzitambua protini za mgeni kwa umbo. Kwa hiyo ngozi ya mtu aliyekwisha kukutana na kifua kikuu huvimba: seli zake huikumbuka sura ya adui.

Je, ni nani aupangaye ushanga? Katika kiini cha seli imo asidi ya nukleiki, ile iitwayo DNA. Friedrich Miescher, mtu wa Uswisi, aliigundua mwaka wa 1869 katika usaha wa vitambaa vya majeruhi. Lakini umbo lake lilijulikana mwaka wa 1953 tu. Ni nyuzi mbili zilizosokotana mfano wa kamba, na kati yake herufi za namna nne, zikikabiliana mbilimbili. Kila herufi yafuatana na mwenziwe mmoja tu. Kwa sababu hiyo kamba ikifunguliwa, kila uzi waweza kuandika uzi wa pili upya. Herufi tatu zataja punje moja ya protini. Herufi ikibadilika, punje yaweza kubadilika. Punje ikibadilika, umbo laweza kubadilika. Na umbo likibadilika, kazi ya seli nayo yaweza kuharibika.

Sasa turudi kwa Koch. Mwaka wa 1896 alikwenda Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, ugonjwa uliokwisha kuangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Kutoka huko alikwenda Bara Hindi kwa tauni, kisha mwaka wa 1897 akafika Dar es Salaam. Alikaa katika nchi yetu mpaka mwaka uliofuata, akichunguza homa za watu na za mifugo. Aliona ya kuwa watu waliokulia pwani hukaa na malaria bila kuugua sana, bali watu wa milima ya Usambara wakishuka huugua vikali kama Wazungu. Ndipo alipoandika habari ya neno mbu. Wakati huohuo Ronald Ross katika Bara Hindi na Giovanni Battista Grassi katika Italia walikuwa wakitafuta ushahidi kwa hadubini, na kufikia mwisho wa mwaka wa 1898 ulikwisha kupatikana: ni mbu kweli, jamii ya anofelesi. Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho na kumbukumbu.

Koch aliendelea kuuliza kwa nini watu wa mahali penye malaria nyingi hawaugui sana. Mwaka wa 1899 na 1900 alikwenda visiwa vya Java na Guinea Mpya, akapima damu ya watoto na ya wazima. Katika vijiji vyenye malaria aliona watoto wadogo wamejaa vimelea, na watu wazima wana vichache au hawana kabisa. Akasema kinga hupatikana kwa kuugua mara nyingi tangu utotoni. Alisema kweli. Leo twajua pia kwa nini kinga hiyo huja polepole: kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kikaweka protini zake juu ya chembe hiyo, nacho chaweza kuzibadili kama mtu abadiliye kanzu. Mwili ukiijua kanzu moja, kimelea chavaa nyingine. Hivyo mtoto hana budi kujifunza kanzu nyingi, na wengi hufa kabla hawajamaliza kujifunza.

Mwaka wa 1905 Koch alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata akarudi Afrika Mashariki kwa ajili ya malale, ugonjwa uliokuwa umeua watu wengi mno kando ya ziwa Viktoria. Aliweka kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, wakamjia wagonjwa mamia kwa mamia. Aliwadunga dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake imo sumu ya aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, wakasimama na kutembea. Ugonjwa uliporudi, aliongeza kipimo, na watu zaidi ya 20 wakapofuka macho, wasione tena. Hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Majina ya watu hao hayamo katika vitabu vya sifa, bali wao nao ni sehemu ya maisha ya Koch, na gharama ya haraka yake waliilipa wao. Aseniki hushikamana na protini za kimelea na kuziharibu, lakini haichagui vema. Hushika na za mwili wa mtu.

Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, mwenye umri wa miaka 66. Aliacha mke wa pili, Hedwig. Mwaka uleule yalitokea mambo mawili ambayo yeye hakuyaona. Albrecht Kossel, Mjerumani mwenziwe, alipewa tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa protini na vitu vya kiini cha seli. Na huko Chicago, mganga James Herrick aliandika habari za kijana mmoja kutoka visiwa vya Karibi, mwenye upungufu wa damu, ambaye chembe zake nyekundu zilikuwa zimepinda kama mundu.

Ugonjwa huo ndio tuuitao selimundu, nao u miongoni mwetu. Chembe nyekundu imejaa protini iitwayo hemoglobini, ichukuayo hewa safi kutoka mapafuni. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake katika Marekani walionyesha ya kuwa hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu si sawa na ya wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, akaonyesha tofauti yenyewe: punje moja tu, ya sita, katika ushanga wenye punje 146. Punje ipendayo maji imeondolewa, ikawekwa isiyopenda maji. Kwa hiyo hemoglobini ikiisha kutoa hewa yake, protini hizi hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa kamba ngumu, na chembe ikapinda. Chembe njema huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 au 20, tena huziba mishipa midogo. Hayo ndiyo maumivu ya mtoto aliaye usiku kucha kwa mifupa.

Mbona basi kasoro hii haikutoweka? Jibu lilitoka Afrika Mashariki. Anthony Allison, kijana wa Kizungu aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu kuanzia mwaka wa 1949, akaona ya kuwa wenye chembe ya selimundu ni wengi pwani na kando ya ziwa, bali ni wachache katika nchi za juu zenye baridi. Mpaka ule ulikuwa mpaka wa malaria. Mwaka wa 1954 alitoa hesabu za watoto 290 wa Buganda. Kati ya watoto 43 waliorithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioirithi, wenye vimelea walikuwa 113. Basi aliyeirithi kwa mzazi mmoja huwa mzima, tena hulindwa na malaria kali. Bali aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Koch aliijua kinga ipatikanayo kwa kuugua. Hii ni kinga ya kuzaliwa, iliyoandikwa kwa herufi moja, na gharama yake hulipwa na baadhi ya watoto.

Tumeandika haya kwa kuwa tumeona nyumba zikivunjika. Mtoto huugua mara kwa mara, macho yakageuka manjano, viungo vikamvimba. Kisha jamaa huanza kumshutumu mama kwamba ukoo wake una laana, au jirani kwamba ni mchawi. Ninyi walimu wa vijijini, mwaitwa katika nyumba hizo kabla ya mganga. Waelezeni watu hivi: mtoto mwenye selimundu amerithi kwa baba na kwa mama sawasawa, nao wote wawili waweza kuwa wazima kabisa. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina hatari moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Wala hapana wa kushutumiwa. Mtoto apelekwe hospitali akapimwe damu mapema, maana penisilini na chanjo za utotoni huwaokoa wengi, na kinga ya malaria ni lazima kwake: hemoglobini ya mgonjwa haimlindi, bali homa yaweza kumwua upesi. Tena iko dawa ya haidroksiurea, iamshayo hemoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haishikani wala kupinda chembe.

Neno la mwisho ni kwa sisi tukaao juu. Zamani mtu wa Usambara aliyajua mambo mawili: kwamba homa i nyikani, na kwamba mbu ndiye mchukuzi. Siku hizi vijana wetu hushuka kila juma kwenda Mombo, Korogwe na Tanga, wakalala huko bila chandarua, kama kwamba wao ni watu wa pwani. Koch aliona mwaka wa 1898 ya kuwa mtu wa milimani hana kinga ya wenyeji wa nyikani, na jambo hilo halijabadilika. Ashukaye na achukue chandarua. Na akirudi na homa, akapimwe siku ileile, asingoje.